Waya Uliosokotwa Kushoto

Mdogo wangu wa kike ni mtu wa kupima. Kazi yake ni ya maabara, kutwa ameinamia darubini anachunguza damu za watu, na akirudi nyumbani habadiliki. Mchele ataupima, maji ya chai atayapima, na mchumba wake alimpima miaka minne ndipo akamwambia hapana. Kwa hiyo alipohamishiwa kituo cha afya kilicho juu mlimani, kilomita ishirini na tatu kwenda na ishirini na tatu kurudi, akatangaza kwamba anataka pikipiki, nilijua nimekwisha.

Alikuja karakana kwangu na daftari. Alilifuta kreti la soda mara mbili kabla ya kulikalia.

"Kaka, nataka pikipiki moja ifanye kazi mbili. Jumatatu hadi Ijumaa inifikishe kazini bila kunywa mafuta kama mlevi. Jumamosi inipeleke matembezi na wenzangu, njia za vumbi na mawe. Tena miguu yangu ifike chini nikisimama. Sitaki kupanda ngazi."

"Wewe unataka mbuzi atoe maziwa na pia alinde nyumba."

"Eeh. Nitafutie mbuzi huyo."

Nampenda huyu mtoto wa mama yangu kuliko ninavyoonyesha. Wazee wetu walipoondoka tulibaki wawili tu, na mimi ndiye niliyeufunga mkoba wake wa shule kwa waya siku mkanda ulipokatika. Alitembea na waya ule begani hadi darasa la saba.

Watu wananiita Shoto kwa sababu natumia mkono wa kushoto. Nina miaka kumi na sita kwenye ufundi wa pikipiki. Injini ikikohoa barabarani nami nakunywa chai ndani, nitakwambia kama ni plagi au kabureta kabla haijanipita. Sifa hizo ninazo, na kiburi chake ninacho pia. Mteja akiniambia nifanye haraka namrudishia funguo zake. Nikiona kazi mbovu ya fundi mwingine naisema kwa sauti, mtaa mzima usikie.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria nyingi na zote aliweza kuzilegeza, isipokuwa moja: shingo haichomelewi. Shingo ni pale fremu inapokutana na usukani, panapoingia uma wa gurudumu la mbele. Uzito wote unaegemea pale. Ikipata ufa, fremu inatupwa, hakuna mjadala. Yeye mwenyewe aliwahi kuichomea moja enzi za ujana wake, ikakaa miezi minane. Mwenye pikipiki alikuwa anateremka mlima amempakia mkewe, gurudumu la mbele likaachana nao, likatangulia peke yake. Mzee alinisimulia habari hiyo mara moja tu, akiwa anakunja vitambaa vya kufutia mikono, na hakuimalizia.

Nilijua hayo yote. Na bado nilichomea.

Kuna dalali mmoja, mtu wa maneno matamu, watu wanamwita Sukari. Alinijia mwaka jana na pikipiki nyekundu iliyogonga lori. Injini nzima, shingo imepasuka. Nikamwambia atupe fremu. Akakuna kichwa, akasema, "Haya, fundi. Na wenzako nao wamesema hawawezi." Basi. Hakuongeza neno. Alinijua vizuri kuliko nilivyojijua. Kichwa kilinivimba, nikawasha mashine. Niliichomea, nikaisaga kwa tupa, nikapaka puti ya kuficha mshono, nikapiga msasa mpaka kidole changu mwenyewe hakikuona mahali. Nilikuwa na furaha siku hiyo, sifichi. Mwisho nikazifunga nyaya zake chini ya tangi kwa kipande cha waya, nikakisokota kwa mkono wangu, kuelekea kushoto.

Hiyo ilikuwa ya kwanza.

Kila asubuhi ya shule, saa moja kamili, hupita bwana mmoja na pikipiki ya kijivu, mtoto mmoja kamweka mbele juu ya tangi, mwingine nyuma. Saa ya ukutani unaweza kuirekebisha kwa bwana huyo. Akifika usawa wa mlango wangu hupiga honi mara mbili kunisalimu. Mimi wakati huo huwa nimeinama, natafuta spana ambayo haijapotea.

Turudi kwa mdogo wangu. Ya kwanza tuliyokwenda kuiona ilikuwa ndogo, ya kubebea maziwa, na injini yake ingefika mlimani ikiwa imeomba msamaha njia nzima. Ya pili ilikuwa ndefu. Mdogo wangu alipoikalia alining'inia kama nguo kambani, nikacheka mpaka akanikata jicho. Alikuwa anaandika kila kitu: urefu wa kiti, ukubwa wa tangi, breki, mgongo unakaaje, shokapu zinadunda mara ngapi. Muuzaji wa pili alimwuliza kama yeye ni wa serikali.

"Kuna moja nimeiona kwenye simu," aliniambia. "Ya bluu. Kaka, hiyo nadhani ndiyo yenyewe."

Tulipofika kwenye hiyo yadi na mwenye yadi akatoka kutupokea, tabasamu lake likimtangulia, nilimtambua mara moja. Alikuwa Sukari.

"Fundi Shoto! Karibuni, karibuni. Dada, umekuja na mtu mwenyewe. Basi mimi sina haja ya kusema." Na akasema kwa nusu saa. "Hii ilikuwa ya mwalimu wa kike. Nyumbani shule, shule nyumbani. Jiwe haijawahi kulikanyaga."

Kila pikipiki aliyowahi kuuza Sukari ilikuwa ya mwalimu wa kike. Kwa hesabu zake hakuna mwalimu nchi nzima anayetembea kwa miguu.

Lakini ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Haikuwa nzito, si ndefu, tairi zenye meno ya kutosha kwa vumbi bila kupiga kelele kwenye lami. Mdogo wangu aliikalia na nyayo zake zote mbili zikagusa chini. Akashika usukani, akanyoosha mgongo, akafumba macho kidogo. Daftari lilikuwa mkononi mwangu, nikaona ameweka alama ya vema kwenye kila mstari. Tangu tuzaliwe sijamwona akikipa kitu alama zote.

Mimi nikaanza kukagua. Nikatazama mnyororo, nikatazama breki, nikasikiliza injini. Nikapitisha vidole chini ya tangi, upande wa mbele, kama ninavyofanya siku zote.

Vidole viligusa waya. Nikaufuata kwa ncha ya kidole. Ulikuwa umesokotwa kuelekea kushoto.

Ilikuwa ile nyekundu, imepakwa rangi nyingine. Sukari alikuwa amesimama upande wa pili wa pikipiki, ameshika kiti, ananitazama. Hakutabasamu safari hiyo.

"Vipi, fundi," akasema taratibu. "Kuna tatizo? Sema tu. Wewe ndiye unayeijua."

Alikuwa ananiambia hivi: fungua mdomo wako, na mimi nitafungua wangu. Na mdogo wangu alikuwa amekaa pale juu, anasubiri neno langu kama anavyosubiri majibu ya darubini. Maisha yake yote amekuwa akiniambia kwamba mimi ndiye mtu pekee ambaye hana haja ya kumpima.

"Injini safi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Breki safi. Hakuna ubaya. Ila vipuri. Vipuri vya aina hii vinasumbua, utakaa miezi unasubiri kitu kidogo. Tuiache."

Sukari alishusha pumzi, akatabasamu tena. "Fundi kasema," alimwambia mdogo wangu.

Aliteremka bila ubishi. Alilipapasa tangi mara moja, akachukua daftari lake, akaandika neno moja: vipuri.

Wiki ile ile nilimpatia ya kijani, ya mama mmoja niliyemfahamu, na safari hii mama alikuwa wa kweli. Niliifungua yote mpaka ikabaki mifupa. Nilikagua shingo kwa taa, kwa kidole, kwa kucha. Ilikuwa na kiti kigumu kidogo na rangi ya mboga iliyolala, mdogo wangu akalalamika kwamba anaonekana kama panzi, lakini ilikuwa nzima. Alianza kwenda nayo kazini. Nikapata usingizi.

Ya bluu nilikuwa naikumbuka mchana, hasa nikishika tupa. Nilijipa moyo. Labda itanunuliwa na mtu wa tambarare. Labda itakaa yadini mpaka ioze. Nilisema labda nyingi. Kumwokoa wangu nilikuwa nimemwokoa, na wengine nao wana ndugu zao, nilijiambia hivyo, na sasa naona aibu kuyasema.

Ijumaa iliyopita, jua bado halijashuka, nilisikia pikipiki mbili zinaingia karakana. Ya kwanza ilikuwa panzi wetu. Ya pili sikuwa na haja ya kuinua macho.

"Kaka, unaikumbuka hii?" Mdogo wangu alikuwa anacheka. Juu ya ile ya bluu alikaa mwanamke mnene mchangamfu, kofia yake ngumu ina maua aliyoyachora mwenyewe. Alikuwa mfamasia wa kituo chao, ndiye mwenzake wa matembezi ya Jumamosi.

"Kaka, shikamoo, nimekuja kukushukuru," mfamasia akasema. "Nilimwuliza mdogo wako, ile uliyoiacha ilikuwa na nini? Akaniambia fundi wetu kasema injini safi, breki safi, shida vipuri tu. Nikacheka! Mume wangu anauza vipuri. Duka zima! Yaani ilikuwa inanisubiri mimi."

"Uliita fundi kuikagua?" nikauliza.

"Wa nini tena? Wewe si ulishaikagua."

Walicheka wote wawili. Mimi nilishika meza. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Palikuwa na mwanga, palikuwa na kreti la kumkalisha, sukari ya chai ilikuwepo. Lakini alikuwa ananiangalia kwa shukrani, na mdogo wangu alikuwa anajivunia mimi, waziwazi, mbele ya mwenzake, jambo ambalo halifanyi.

"Niachie hapa," nikasema. "Niikague tena kidogo."

"Kesho tunapanda mlima, kaka. Nitakuletea Jumatatu."

Na mimi, fundi wa miaka kumi na sita, nikasema: "Jumatatu, basi."

Jumamosi asubuhi, saa mbili na nusu, simu iliita. Mdogo wangu alikuwa kwenye kituo cha mafuta chini ya mlima, nikasikia upepo na kicheko cha mfamasia nyuma yake.

"Tunapanda sasa. Hivi unajua tumepanga nini? Tukifika juu tunabadilishana. Yeye anashuka na panzi, mimi nashuka na ya bluu. Nataka nione nilikosa nini."

"Usi..." nikasema. "Sikiliza, usishuke na..."

"Nini? Nimevaa kofia, sikusikii. Tutaongea!"

Akakata. Nilipiga mara sita na haikupokelewa. Sikumbuki kufunga karakana. Nakumbuka nilikuwa nimeshika spana ya namba kumi na mbili njia nzima, nimeibana kwenye usukani pamoja na mpini wa klachi.

Mlima ule una kona thelathini na moja. Kwenye kila kona nilitazama kwanza chini, bondeni, kisha ndipo mbele. Nilikuwa natafuta rangi ya bluu mahali ambapo haipaswi kuwa. Nilisikia kichwani gurudumu linaviringika peke yake juu ya lami, taratibu, bila haraka. Kwenye kona ya ishirini kulikuwa na kitu cha bluu kwenye majani, nikapunguza mwendo, na kilikuwa turubai la mtu. Nikalia pale pale huku naendesha. Mtu mzima, na masharubu yangu.

Niliwakuta juu, kwenye uwanja mdogo wa kuegesha malori. Mfamasia alikuwa tayari juu ya panzi. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye ya bluu, injini inanguruma, anafunga mkanda wa kofia chini ya kidevu.

Nilisimamisha pikipiki yangu mbele ya gurudumu lake, nikachomoa ufunguo wa ya bluu.

"Kaka! Kuna nini nyumbani?"

"Teremka."

"Nani amefariki?"

"Hakuna. Teremka, nakuomba."

Aliteremka. Nilitoa kiti, nikafungua boliti ya tangi, nikachomoa bomba la mafuta, nikaliweka tangi kwenye nyasi. Nikatoa kisu mfukoni nikakwangua shingo. Rangi ya bluu ilitoka, chini yake nyekundu, chini yake puti, ikadondoka vipande vipande kama ganda la yai. Ufa ulikuwa pale. Mwembamba kama unywele, umezunguka shingo zaidi ya nusu, na ndani yake kutu ilishaanza.

Mfamasia aliweka mkono mdomoni. Alitazama barabara inavyokwenda chini, kisha akanitazama mimi.

"Nani anaweza kumfanyia mtu hivi?" akauliza.

Nakiri kwamba hata hapo, hata baada ya kona thelathini na moja, jina la Sukari lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Lilikuwa tayari limeshavaa viatu.

Lakini mdogo wangu alikuwa amechuchumaa. Hakuwa anatazama ufa. Alikuwa ameushika ule waya uliofunga nyaya, anaugeuza polepole kwa vidole viwili kama anavyoshika kioo cha darubini. Nyumbani kwetu geti limefungwa kwa waya wangu. Kamba ya nguo imefungwa kwa waya wangu. Mkoba ule bado anao, uko juu ya kabati.

"Kaka," akasema, bila kuinua kichwa. "Huu ni mkono wako."

"Ni wangu."

"Na siku ile yadini ulijua."

"Nilijua."

Mfamasia alikaa chini kwenye nyasi, kofia yake yenye maua mapajani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilisema yote. Lori, dalali, kiburi changu, mashine. Nilisema samahani mara nyingi mpaka neno likaisha ladha. Mdogo wangu alinisikiliza hadi mwisho, macho makavu, na nikaona kwa mara ya kwanza maishani mwangu ananipima.

"Umechomea ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Shingo. Hii ni moja. Umechomea ngapi?"

Akatoa lile daftari mkobani, akafungua ukurasa mpya, akasubiri na kalamu.

"Nne," nikasema. "Hii. Nyeusi moja, ile ilishauzwa kama chuma chakavu, niliiona kwa macho yangu. Nyeusi nyingine iko kwa yule fundi seremala wa sokoni." Nikafuta kisu kwenye suruali. "Na ya kijivu."

"Ya nani?"

"Ya bwana mmoja. Aliinunua kwa Sukari. Alikuja mara moja kuziba pancha, nikaiona shingo, nikaitambua, nikaziba pancha. Tangu siku hiyo akipita hunipigia honi."

"Anapita kwenda wapi?"

"Shule. Anapeleka watoto."

Kalamu ilisimama. "Watoto wangapi?"

"Wawili."

"Uliichomea lini?"

Nilimwambia mwezi. Akahesabu kwa vidole, kimya, na mimi sikuhitaji kuhesabu. Ilikuwa imetimiza miezi minane.

Seremala tulimpata mchana ule ule, pikipiki yake sasa iko karakana kwangu, fremu nimeikata vipande kwa mkono wangu naye amesimama anatazama. Yule bwana wa kijivu hatukumpata. Simjui jina, sijui anakaa mtaa gani, sikuwahi kumwuliza kwa sababu kila alipopita nilikuwa nimeinama. Sukari alisema wateja ni wengi, hawakumbuki wote, kisha akazima simu. Jumapili nzima mimi na mdogo wangu tulizunguka mtaa kwa mtaa kwa panzi wake, yeye akiendesha, mimi nyuma, na njia nzima hatukusemezana ila kuuliza watu.

"Kesho atapita," nilimwambia tulipoachana. "Kuna shule. Saa moja kamili hupita."

"Jumatatu, basi," alisema, akaondoka.

Nimesimama katikati ya barabara tangu alfajiri. Nimeweka mapipa mawili ya mafuta yaliyo matupu, kila upande moja, asiweze kupita bila kusimama. Wenye magari wananitukana, nawaacha. Mdogo wangu amekuja, hakwenda kazini, amesimama ukingoni ameshika daftari kifuani. Watoto wa shule wengine wameshapita, kwa miguu, kwa baiskeli, kwenye gari la njano.

Sasa ni saa moja na nusu, na honi sijaisikia.